Waliokuwa Hapa Walikwenda Wapi

Roma, 14 Oktoba 1973

Kaka Alute,

Shikamoo. Nawasalimu wifi Sara na watoto. Salamu za mama zipeleke peke yake, usizichanganye na za watu wengine, unajua anavyolalamika. Mimi mzima. Baridi imeanza, na hapa ninapoandika nimevaa nguo zangu zote kwa pamoja.

Mwaka wa kwanza wote tulihangaika na lugha yao tu. Sasa tumeingia kwenye somo lenyewe: majengo, sanamu na vyungu vya Wayunani na Warumi wa kale. Wenzangu darasani wananiuliza msichana wa Kinyaturu anatafuta nini huko. Mwanzoni nilikuwa najieleza mpaka koo linakauka. Siku hizi nawaambia kwamba watu wa kwao wamekuja sana kwetu kuchungulia mambo yetu, na mimi nimekuja kurudisha ziara.

Wiki iliyopita tulipelekwa kusini, mahali panapoitwa Paestum. Wayunani walivuka bahari wakajenga mji pale, na mahekalu yao matatu bado yamesimama katikati ya majani, nguzo kwa nguzo, bila paa. Tulijaribu kuikumbatia nguzo moja watu wanne tukishikana mikono, tukafika kwa shida. Pembeni wanachungwa nyati. Nyati kweli, kaka, weusi, na pembe zao, na wanakamwa kama ng'ombe! Ndani ya bahasha nimetia kadi ya picha. Ni ya mama.

Kuna jambo nisipolikumbusha sitatulia. Siku ile naondoka mama alinisimamisha mlangoni, akashika mwimo, akasema nikimaliza kusoma nirudi nipite mlango huo huo, siyo mwingine. Wewe ulikuwepo. Nami nikakuambia, kaka, nyumba hii nimekuachia. Kwa hiyo paa lipigwe udongo mpya kabla mvua hazijaanza, na ile nguzo ya kona ya upande wa zizi iangaliwe mchwa.

Mdogo wako,
Theresia


Ihanja, 2 Desemba 1973

Mdogo wangu Theresia,

Barua yako imefika. Imekunjamana lakini imefika. Hapa wote tunakula na kulala. Mvua zimeanza kwa kusitasita. Paa la mama nililipiga udongo mwenyewe mwezi wa kumi, tena nilikanyaga mpaka miguu ikavimba, kwa hiyo hapo huna la kunidai.

Kadi ya mama niliipeleka Jumapili baada ya misa. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Kisha akasema, "Watu wenye nguzo kama hizi, wameshindwa kuezeka?" Nikamweleza kwamba paa lilikuwepo, limeanguka zamani. Akauliza nani analima pale. Nikasema halimwi, ni mahali pa kutazama tu. Nikadhani amemaliza. Nilipokuwa nashika baiskeli niondoke ndipo akanitolea la mwisho: "Waliokuwa hapo walikwenda wapi? Na hakubaki hata mmoja wa kujibu?"

Swali hilo sasa ni lako. Elimu yangu ya darasa la nane haifiki huko. Kila nikienda kumwona, kabla sijakaa ananiuliza kama Theresia amejibu. Kadi ameichomeka ukutani juu ya jiwe la kusagia, na kila jirani anayekuja lazima aonyeshwe nyati.

Habari nyingine. Nimechaguliwa balozi wa nyumba kumi. Sara anasema siku hizi nakohoa kwanza ndiyo naongea. Na mama ameanza kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao ni Paskali, yule mwembamba wa kwaya. Mama anasema kalamu inamuumiza vidole kuliko jembe, lakini hajakosa hata siku moja.

Kaka yako,
Alute


Roma, 13 Januari 1974

Kaka Alute, na mama uliyekaa hapo unasomewa,

Shikamooni. Swali la mama nililipeleka kwa mwalimu mbele ya darasa zima. Mzee alivua miwani, akaifuta, akasema ni swali zuri kuliko mengi aliyoulizwa mwaka huu. Mama, usinicheke, nilijivuna kama vile nimeliuliza mimi.

Jibu lake ni hili. Mto wa pale ulijaa mchanga, maji yakatuama, mbu wakazidi. Homa iliwamaliza wengi, na waliobaki wakapanda milimani. Mahekalu wakawaachia nyati. Ndiyo, mama, mbu. Watu wenye nguzo zile walifukuzwa na mbu. Na wa kujibu hakubaki, ndiyo maana tunauliza mawe.

Lakini nina kubwa zaidi. Wiki hii mwalimu alitupandisha kilima ambacho watawala wa Roma walijenga majumba yao. Kuta za matofali zinakwenda juu mpaka shingo inauma. Mwalimu hakusimama hata kuzitazama. Alitupeleka pembeni kabisa, kwenye mwamba uliozungushiwa waya, akasema, "Hii ndiyo Roma ya kwanza." Tukachungulia. Mashimo! Mashimo ya duara yaliyochongwa kwenye mwamba, yamejipanga kuzunguka, na mengine mbele. Wenzangu wakatazamana. Mimi nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akanigeukia, kwa sababu niliiona nyumba nzima. Yalikuwa mashimo ya nguzo, kaka. Hapa ukuta wa fito na udongo, hapa mlango, hizi za mbele za kushika kivuli cha kukalia. Warumi walianzia kwenye nyumba ya miti na udongo, kama sisi! Nguzo zilioza zamani sana, mashimo yakabaki. Nguzo ikiwa imesimama huwezi kujua imezama kiasi gani. Ikiondoka, shimo linakueleza unene wake, kina chake, hata uzito iliobeba. Mwalimu anasema hiyo ndiyo kazi yetu, kuisoma nyumba pale ilipokuwa.

Nikarudi kuyafikiria yale mahekalu ya kwenye kadi. Juu ya nguzo, chini ya mahali pa paa, kuna vipande vya jiwe vyenye mifereji, vimepangwa kwa nafasi sawa. Havishiki kitu chochote. Mwandishi mmoja Mrumi wa zamani ameeleza kwamba zile ni ncha za boriti. Baba zao walijenga kwa miti, wao wakaja wakajenga kwa mawe, lakini wakazichonga ncha za boriti na hata vigingi vyake, ili nyumba mpya ifanane na ya baba zao. Sasa mama, toka nje utazame juu ya ukuta wako, pale unapotundika vibuyu. Si ncha za boriti zile? Nimekaa chini yake miaka yote bila kuziona. Nimeona haya sana.

Wenu,
Theresia


Ihanja, 24 Februari 1974

Mdogo wangu Theresia,

Mama alitoka nje kweli. Alizunguka nyumba nzima akitazama juu, jirani akadhani ameona nyoka. Aliporudi alisema tu, "Kumbe hata wao hawakupenda kusahau." Kuhusu mbu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Wao walipanda mlimani."

Sasa na mimi nina swali, maana naona wenzangu wote wanauliza. Hao Warumi walinyoosha vipi barabara zao, na kona sawa walizipataje? Hapa chini karibu na barabara kuu tuna kazi ya kupima mashamba ya kijiji. Utepe wa kupimia ni mmoja, unazunguka kata nzima, na ukifika kwetu unakaa siku moja unaondoka. Nimejaribu kwa macho. Mistari yangu inakwenda kama mtu aliyetoka kilabuni. Wewe unasomea mambo haya, basi niandikie namna, na uchore.

Uwele unapendeza mwaka huu. Shamba la mama la samadi ndilo limetangulia yote.

Kaka yako,
Alute


Roma, 24 Machi 1974

Kaka Alute,

Shikamoo. Umenifurahisha mno! Nilidhani nawachosha na mawe yangu, kumbe unayatafutia kazi.

Mchoro ni huo. Unachukua mti mrefu ulionyooka, unausimamisha. Juu yake unafunga msalaba wa miti miwili iliyokatana sawasawa, na kwenye kila ncha ya msalaba unaning'iniza uzi wenye jiwe. Mawe yakitulia, unafumba jicho moja unatazama kupitia nyuzi mbili zinazokabiliana, na mwenzako kule mbali anasogeza kigingi mpaka kiingie kwenye mstari. Nyuzi mbili nyingine zinakupa kona. Kwa kifaa hicho tu walipanga miji. Barabara mbili kubwa zinakatana katikati, nyingine zinazifuata sambamba, na viwanja vyote vinalingana. Tulikwenda kuutazama mmoja. Ukisimama katikati unaona mwisho wa mji pande zote. Mwalimu alisema wengi waliokaa mle waliletwa kutoka kwingine wakapewa viwanja, wapende wasipende.

Ndipo nikakumbuka jambo. Padri Ignas, Mtanzania mwenzetu aliye hapa, alipata gazeti la nyumbani. Linasema watu wahamie vijijini, siyo kwa hiari tena. Kwetu vipi? Nyumba ya mama iko juu kwenye majabali, mbali na barabara. Wewe ni balozi, lazima unajua. Nijibu kwa maneno mafupi, kaka: itabaki au haitabaki?

Mdogo wako,
Theresia


Ihanja, 19 Mei 1974

Mdogo wangu Theresia,

Kifaa chako kinafanya kazi! Nyuzi nilinunua Singida mjini dukani kwa Jivraj. Aliponiona nachagua nyuzi nyembamba na imara akaniuliza Ihanja tunavua samaki gani. Nilipomweleza, akaacha wateja wamesimama, akatoka nyuma ya meza na penseli akataka nimchoree. Shida ni upepo. Unaujua upepo wa kwetu, hauna likizo. Mawe yanacheza, uzi unapinda, na mimi nimefumba jicho moja kama mganga. Mwishowe nilimwambia mwanangu Petro na wenzake wasimame na mikeka upande unakotoka upepo. Mistari imenyooka mpaka bwana mmoja wa wilaya akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu Roma.

Mama ana swali. Anauliza milango ya hao Warumi inatazama wapi. Wa kwake, unajua, umeupa upepo kisogo. Ametaka nisisahau kuliandika hili na amenisimamia mpaka nimeliandika.

Kuhusu nyumba yake, leo ninapoandika nguzo zote zipo. Mama hajambo. Tunavuna.

Kaka yako,
Alute


Roma, 16 Juni 1974

Kaka Alute,

Shikamoo. Ulichoandika kuhusu nyumba nimekisoma mara nyingi na nimeamua kukiamini. Nguzo zote zipo. Nashukuru.

Mjibu mama hivi. Mahekalu mengi ya Wayunani yanatazama jua linapochomoza. Nyumba za ile miji iliyopangwa zinatazama barabara, upepo uwepo usiwepo. Yule mwandishi wa zamani aliwaonya wasielekeze njia zao kwenye upepo, kwamba utaingia majumbani na magonjwa yake, na si wote waliomsikiliza.

Sasa nina ombi, na ombi hili ndilo kila kitu kwangu mwaka huu. Natakiwa kuandika kazi ndefu. Ikikubaliwa, nitachukuliwa kwenye mwaka wa mwisho pamoja na wachimbaji, na nitarudi nyumbani nikiwa naweza kuchimba mwenyewe mambo yetu ya kale bila kumsubiri mgeni. Ikikataliwa, nitarudi na cheti cha kupiga porojo. Nimemwambia mwalimu nataka kulinganisha vitu vitatu: ile nyumba ya kilimani iliyobaki mashimo, hekalu la mawe, na nyumba ya mama. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hiyo ya tatu hakuna mwingine anayeweza kuniletea."

Kwa hiyo nipimie, kaka. Nafasi kati ya nguzo na nguzo, unene wake, urefu mpaka kwenye boriti, upana wa mlango. Wayunani nguzo za kona walizifanya nene kidogo kuliko nyingine. Niambie na sisi kama ni hivyo.

Mdogo wako,
Theresia


Ihanja, 25 Agosti 1974

Mdogo wangu Theresia,

Barua hii imechelewa, kazi zimetubana. Vipimo nimevichora kwenye karatasi ya pili, na utepe wa kata niliupata kwa siku nzima, kwa hiyo ni vya kweli.

Nguzo za kona ni nene, kama za Wayunani wako. Mama anasema kona inabeba pande mbili, halafu ng'ombe wanapenda kujikunia hapo. Hizo za kona zimezama sana. Nilipoingiza mkono shimo lilinifika begani. Za katikati ya ukuta zinaishia kwenye kiwiko. Ile ya kati kabisa ya nyumba, inayoshika boriti kubwa, sikupata kina chake. Yote nimeyaandika kwenye mchoro.

Na kuna kitu kitakufurahisha. Chini ya nguzo ya kona, upande wa zizi, kuna jiwe la kusagia lililopasuka. Limelazwa chali, nguzo ilikalia juu yake. Mama alilishika akakaa nalo chini. Ni la bibi. Lilipopasuka baba aliliweka pale ili nguzo isizame na mchwa wapate taabu kupanda. Hakuna aliyekuwa analikumbuka mpaka tulipoliona. Nilifikiri, Theresia angekuwa hapa angepiga kelele.

Mama anakusalimu. Anaandika jina lake bila kuangalia ubao.

Kaka yako,
Alute


Roma, 29 Septemba 1974

Kaka Alute,

Shikamoo, kwa sababu nililelewa.

Nilichora nyumba ya mama kwenye karatasi kubwa kama meza. Nilitia kila shimo, kila kina. Jiwe la bibi nililichora pembeni kwa ukubwa. Wiki nzima nilikuwa namwonyesha kila anayepita. Jana nilimpelekea mwalimu. Aliinama juu yake kwa muda mrefu, akasema, "Kazi safi kabisa. Nyumba hii iliachwa lini?"

Nikasema haijaachwa, mama yangu anaishi humo. Mzee alinitazama kwa huruma. Kisha aliweka kidole kwenye kina cha shimo la kona.

Nilikuandikia mimi mwenyewe, kaka! Nguzo ikiwa imesimama huwezi kujua imezama kiasi gani. Wewe uliingiza mkono mpaka begani. Uliingizaje? Nami nilifurahia jiwe la bibi kama mjinga, sikujiuliza lilionekanaje chini ya nguzo. Nimesomea kuona nyumba ambayo haipo, na ya mama yangu nimeichora bila kuiona kwamba haipo.

Na mistari! Mashamba ya kijiji! Nimekufundisha mwenyewe namna ya kunyoosha barabara ya kumshushia mama. Nimekuchorea kwa wino mweusi, na rula.

Hukusema uongo, naona, ulichagua maneno. Sijui kama hilo si baya zaidi. Naona mashimo yote yana kina isipokuwa la kati, kwa hiyo najua nguzo ile bado imesimama. Ninachojua juu ya nyumba yetu ni hicho. Mama yuko wapi? Analala wapi? Ni mzima? Mbona salamu zake zote zinapita mkononi mwako? Nimemwomba Padri Ignas anisaidie kutafuta namna ya kurudi. Kazi nimeirudisha sandukuni. Nisipopata jibu linaloeleweka naacha masomo, nakuja kumtafuta mwenyewe.

Theresia


Ihanja, 3 Novemba 1974

Mdogo wangu Theresia,

Ni kweli. Nyumba ilitoka pale mwezi wa saba. Viwanja vya kijiji kipya nilivipima mimi, kwa kifaa chako, na nilijua tangu mwanzo ninachopimia. Mama alinikataza kukuambia. Alisema utaacha shule, na naona anakujua kuliko mimi. Lakini sitajificha nyuma yake. Niliogopa pia. Uliniachia nyumba nami nikashindwa kuishikilia.

Mwimo wa mlango niliushika mwenyewe. Niliubeba kichwani kutoka juu mpaka barabarani, mchana kweupe, nikilia njia nzima, na watu wakimtazama balozi wao.

Ulipoomba vipimo ningeweza kukuandikia vya kubuni. Sikuweza. Nilipoona lile jiwe nilisahau hata kwamba nakuficha.

Mengine anakuandikia mama. Amenifukuza mezani, hataki nitazame. Nimekaa nje namsubiri amalize na jua linakwenda.

Kaka yako,
Alute


Mwanangu Theresia,

Ni mimi Magdalena mama yako. Naandika kwa mkono wangu. Paskali alitaka kunishikia kalamu nikamwambia akae mbali.

Usirudi kabla hujamaliza. Ukirudi sasa nitachukua fimbo nikuonyeshe njia ya Roma.

Mabwana wa wilaya walikuja wakasema watu wote washuke barabarani. Nilikataa. Shamba langu la samadi liko juu. Baba yako amelala juu. Nikakaa ndani. Alute alikuja kila siku kunibembeleza na kila siku aliondoka kabla ya kumaliza maneno. Halafu wakasema atakayebaki nyumba yake itabomolewa. Nilikaa nikawaza barua yako. Ulisema wale wa kilimani nguzo zilioza na hakuna anayejua ni nani alikaa hapo. Nikaona nyumba yangu haitabomolewa na mtu asiyejua boriti ipi ilitangulia. Niliijenga na baba yako. Nitaifungua mimi.

Uwele ulipokwisha niliita wanawake. Tulishusha udongo, tukatoa fito, tukatoa boriti moja moja. Kila mti nilitia alama ya mkaa nijue mahali pake. Nguzo zilipotoka Alute akasema mama ngoja nipime mashimo, ni ya Theresia. Nikamwambia pima. Tulilala kifudifudi tukichungulia ndani kama watoto. Mambo ya chini ya nyumba yangu sikuwahi kuyaona. Kweli kazi yako ni tamu.

Sasa nyumba imesimama huku chini. Kila mti umerudi mahali pake. Jiwe la bibi yako liko chini ya nguzo ile ile. Ncha za boriti zinatokeza na vibuyu nimetundika. Mlango ni ule ule, utaupita. Mwambie mwalimu wako nyumba hii haikuachwa. Ilihama na mwenyewe. Kazi yako itoe sandukuni.

Huku nyumba zote zinatazama barabara. Upepo unaingia mlangoni unatawanya majivu mpaka kitandani. Mimi yangu nimeigeuza. Wakaja kuniambia mama nyumba yako imeipa barabara mgongo. Nikawaambia hata Warumi walionywa habari ya upepo. Walitazamana. Alute akakohoa.

Ile nguzo ya kati ilikataa kung'oka. Wanaume walichimba wakavuta wakachoka. Nikasema iacheni, nikatafuta mti mwingine. Imebaki kule juu peke yake katikati ya shamba, kama zile za kwenye kadi yako. Kila asubuhi napanda kulima pale. Ni mbali na magoti yananiuma. Nimesikitika sana, sikufichi. Siku nyingine naegemea nguzo ile nalia kidogo halafu nalima.

Wachunga ng'ombe wa mbali wakipita wanasimama kuitazama. Wananiuliza, mama, hapa palikuwa na nyumba, waliokuwa hapa walikwenda wapi? Nanyoosha jembe nawaonyesha kule barabarani, nyumba ile iliyogeuka. Nawaambia hawakwenda mbali, na mwenyewe ni mimi, kama mna swali ulizeni.

Mama yako,
Magdalena